Uchakavu wa Kawaida

Mkataba una kurasa mbili na doa la kahawa.
Mkodishaji: Endel Pärnpuu, fundi saa, Tartu.
Mkodi: mimi, Maarika Luts.
Kitu: fidla moja, rangi ya asali iliyoungua,
sanduku lake, na upinde wa singa za farasi.
Yuro kumi na mbili kila tarehe mosi.
Nilikuwa dobi wa hospitali, mashuka mpaka ndotoni,
na kuinunua ingekuwa sawa na kuezeka nyumba upya.

Kifungu cha sita nilikitia saini bila kukisoma:
irudishwe katika hali iliyotolewa,
isipokuwa uchakavu wa kawaida.

Miaka kumi na mmoja.

Mzee Endel alifariki Februari, mto ungali barafu.
Mpwa wake Raivo akaja na bahasha,
mtu mpole, akavua viatu mlangoni,
akasema, sasa ni mali ya mirathi, samahani.
Chai hakuigusa.

Nikaenda kwa Bi. Liivika,
wakili anayesikiliza watu bure kila Alhamisi
katika chumba chenye harufu ya koti bichi.
Nikamwambia: nimekaa nayo
kuliko alivyokaa nayo mwenyewe.
Akavua miwani.
"Kushika si kumiliki, hata ungeishika miaka mia.
Kila ulipolipa zile kumi na mbili
ulikuwa unatamka: si yangu, si yangu, si yangu."

Nguo ya kuazima haisitiri matako, wanasema.
Hii ilinisitiri.
Ilinisitiri mume alipoondoka na televisheni
(hiyo ilikuwa yetu sote, tukagombana miezi saba).

Tukakaa tukapambanua, kama wachambuao mchele.
Nyuzi: zangu, nina risiti.
Kiegemeo cha kidevu: changu, kinafunguka kwa skrubu.
Na kile kijiti cha ndani kinachosimama gizani
kati ya mgongo na kifua cha fidla,
ambacho mafundi wengine hukiita roho,
nilichokibadilisha mwaka wa tano kwa mshahara wa wiki mbili?
"Hicho kimekuwa sehemu ya kitu," akasema.
"Kinafuata kitu."
Akaandika: roho, ya mwenye mali.

Na sauti, je?
Maana ilipofika kwangu ilikuwa na mafua.
Uzi mnene ulikoroma kama friji kuukuu.
Nimeipiga kila nilipotoka zamu ya usiku,
kitambaa kikiwa chini ya nyuzi, jirani asiamke,
mbao zikajifunza kutikisika,
mpaka asubuhi moja, mwaka wa nane,
ikafunguka.
Sikuongeza kitu chochote.
Nilipiga tu.
Sauti hiyo ni ya nani?

Bi. Liivika akazungusha kalamu.
Nje mtu alikuwa anakwangua theluji kwenye kioo cha gari.
"Sheria inajua kupima kilichopungua," akasema.
"Hili lako halina safu."

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Hii ilikuwa na daftari, tena nadhifu,
mistari mia moja thelathini na miwili.

Jumamosi Raivo akaikagua mezani kwangu
kwa tochi ya simu, akifuata orodha:
mkwaruzo ubavuni, wa zamani; rangi iliyofifia begani, kawaida.
Hakujua kupiga. Akagusa uzi mmoja kwa kidole gumba,
ukalia, akaondoa mkono haraka
kama aliyefungua mlango wa bafu penye mtu.
Tukasaini.

Chini ya taya langu la kushoto kuna alama,
ngozi nyeusi, ngumu, ukubwa wa sarafu.
Daktari wa hospitali yetu alidhani ni ugonjwa.
Hakuna kifungu kinachosema
mimi nirudishwe katika hali gani.

Tarehe mosi yuro kumi na mbili zikaondoka zenyewe benki,
nilisahau kufuta agizo.
Siku ya tatu zikarudi. Sababu ya malipo,
Raivo alikuwa ameandika neno moja:
hudaiwi.

Nimelisoma mara nyingi kuliko mkataba wote.